Nati iliyokazwa mara tatu: kisa cha handbreki ya Corolla ya 1998

Kwa nini naandika kisa hiki

Gari hili lilinifikia likiwa limeshakazwa nati ya handbreki mara tatu, na mafundi watatu tofauti. Kila mara lilishika wiki mbili tatu, kisha likarudi kulekule. Nimeona magari mengi ya namna hiyo, lakini hili lilikaribia kumvunja mtu mkono, ndiyo maana nimeamua kuliandika lote, tangu lilipoanza kulegea hadi siku nilipolikagua mara ya mwisho, pamoja na kosa nililofanya mimi mwenyewe katikati ya kazi. Nawaandikia vijana wanaojifunza ufundi, na wenye magari ya zamani ambao wameizoea handbreki mbovu hadi wakaona ni sehemu ya uzee wa gari.

Jina la mwenye gari, namba za usajili, mtaa na gereji zilizotangulia nimeviacha.

Gari na mwenyewe

Ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile tunayoiita 110, gia otomatiki, breki za diski mbele na za dramu nyuma. Mwenyewe ni mama, mwalimu mstaafu wa Mwanza, na nyumba yake iko juu kwenye mawe. Anayeijua Mwanza anajua maana yake: unaacha lami, unapanda njia nyembamba yenye kokoto, na hata pale unapoegesha pana mteremko. Kwa mtu anayeishi hivyo handbreki si kitu cha ziada.

Gari analo kwa miaka 9. Handbreki ilianza kulegea mwaka wa sita. Fundi wa kwanza alifungua kiboksi cha katikati ya viti, akakaza nati iliyoko kwenye mzizi wa mkono wa handbreki, kazi ya dakika kumi. Ikashika, kisha ikalegea. Fundi wa pili alikwenda mbali zaidi: alifungua nyuma, akabadilisha breki shuu zote nne (vyuma vya upinde vinavyobana dramu kwa ndani), kisha akakaza nati tena. Ikashika, ikalegea. Wa tatu alikaza nati hadi nyuzi za bolti yake zikakaribia kwisha, akamwambia mama kebo imevutika, anunue mpya. Akanunua moja. Hela ya ufundi ikachelewa, kebo ikakaa kwenye buti ndani ya mfuko wake.

Katika miaka hiyo akaacha kabisa kuvuta handbreki. Akifika nyumbani anaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, mjukuu anashuka na jiwe, analisukumia nyuma ya tairi. Asubuhi, gia ikitolewa P, gari linapiga kishindo ambacho nyumba nzima ilishakizoea. Kishindo hicho ni ulimi mdogo wa chuma ndani ya gia boksi ukichomoka kwenye jino. Ulimi huo ulikuwa umebeba uzito wa gari zima usiku kucha, na haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Siku ya pancha

Siku moja tairi la mbele la kushoto lilitoka upepo akiwa anapandisha kwenda nyumbani. Alikuwa na kijana wa jirani. Wakasimama hapohapo kwenye mteremko, gia P. Jiwe lilikuwa limebaki getini. Kijana akalegeza nati za tairi, akaweka jeki, akaanza kupandisha. Tairi lilipoachana na ardhi, gari likaanza kurudi nyuma taratibu, bila mlio wowote. Jeki ikalala, gari likaanguka, na tairi lilipogusa ardhi tena gari likasimama ghafla, kwa mshtuko. Kijana alikuwa ametoka kuinua mkono wake sekunde ile.

Mwalimu alishindwa kuelewa kwa nini P ilishika miaka yote halafu ikaachia siku ile. Nalieleza hapa kwa sababu wengi hawalijui. Corolla hii inasukumwa na matairi ya mbele. P inafunga gia boksi, na gia boksi inashika matairi mawili ya mbele kupitia difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya matairi hayo mawili. Yote mawili yakiwa chini, yanazuiana na gari linatulia. Ukiinua moja, lile lililo hewani liko huru kuzungukia upande wake, na kwa sababu ya difu, mwenzake aliye chini naye anakuwa huru kuzunguka upande wa pili. Kuanzia hapo P haizuii chochote. Kinachobaki kulishika gari ni handbreki iliyoko nyuma, na hapa haikuwepo.

Maswali kabla ya spana

Alikuja asubuhi ya siku iliyofuata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kebo ninayo mwenyewe, nimekuja unifungie tu."

Nikamwomba nilizungukie gari kwanza. Nikamuuliza swali ambalo aliniambia hakuna aliyewahi kumuuliza: breki ya mguu inakamatia wapi?

"Inashuka sana," akasema. "Nikikanyaga mara mbili ndiyo inapanda juu."

Kwangu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko kebo aliyoishika. Pedali inayoshuka kisha ikapanda ukikanyaga mara ya pili, na ikiwa juu ni ngumu, haitepeti kama sponji, mara nyingi inasema kwamba breki shuu za nyuma ziko mbali na dramu. Mkanyago wa kwanza unatumika kuzisogeza, wa pili ndio unaofunga breki. Na kwenye gari hili breki shuu ni zilezile: ukikanyaga mguu zinasukumwa na mafuta, ukivuta handbreki zinavutwa na kebo. Kama ziko mbali kwa mguu, ziko mbali kwa mkono pia. Kebo mpya isingezisogeza.

Basi uamuzi wa kwanza ukawa kuiacha kebo kwenye mfuko wake hadi nijue ni tairi lipi lina shida na shida yenyewe ni nini. Kuna jambo jingine lililonifanya nisite. Kebo ya waya wa chuma "kuvutika" husemwa sana kuliko inavyotokea. Ninachokutana nacho mara nyingi ni kebo iliyoshika kutu ndani ya ganda lake, au iliyokatika nyuzi chache mwishoni.

Kupima tairi moja moja

Handbreki ilipanda meno 12 (ile milio ya "tik" mkono ukivutwa) bila kugota popote. Kwa Corolla ya dramu nyuma, natarajia ishike kati ya jino la 4 na la 7.

Nikaweka mawe mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya mbele, nikainua nyuma, nikalaza gari juu ya stendi mbili. Jeki peke yake hapana, hata kwa dakika moja. Kisha kijana wangu wa gereji akakaa ndani na kupandisha mkono jino baada ya jino, nami nikizungusha tairi kwa mikono.

Mkono ukiwa chini kabisa, tairi la kushoto lilikuwa tayari linakwaruza kidogo. La kulia lilizunguka kama feni. Jino la 8, kushoto likaanza kuwa zito. Jino la 12, kushoto bado niliweza kulizungusha kwa nguvu. Kulia hakuna kilichobadilika toka mwanzo hadi mwisho.

Nikaingia chini na tochi. Kebo za kushoto na kulia zinakutana kwenye kipande cha chuma kinachogawa mvuto, na kipande hicho kinapaswa kukaa mlalo. Kijana alipovuta, nilikiona kinalala upande: kebo ya kushoto ikavutika, ya kulia ikakaza pale mbele bila kusogea hata kidogo kule kwenye tairi. Sehemu inayopinda karibu na mguu wa nyuma, ganda lake la plastiki lilikuwa limepasuka urefu wa kidole, na ndani ya ule ufa kutu ya rangi ya matofali ilionekana wazi. Maji ya mvua na vumbi vilikuwa vikiingia hapo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kebo moja ilikuwa mbovu kweli. Hapa ndipo kazi ingeweza kuharibika tena. Ningeshangilia, nikafunga kebo, nikakaza nati, gari likatoka likishika. Lakini kebo ya kulia haikueleza kwa nini kushoto, ambako kebo ilikuwa inavuta, nako hakushiki. Wala haikueleza pedali.

Ndani ya dramu

Kabla ya kufungua nilirudi ndani ya gari na kulegeza ile nati yote, kebo ikaning'inia. Huwezi kusoma hali ya breki shuu wakati kebo imezivuta.

Dramu la kushoto lilitoka kwa mkono, bila nyundo. Fundi mwanafunzi hufurahi likitoka hivyo. Mimi huwa napata wasiwasi, maana dramu lililotumika hutengeneza ukingo pembeni, na breki shuu zilizokaa karibu nalo huugotea ukingo huo. Likitoka kirahisi namna hiyo, breki shuu ziko mbali.

Vumbi hatukulipuliza kwa upepo wa kompresa. Lainingi za zamani, yaani tabaka la kusugua lililoko juu ya breki shuu, zinaweza kuwa na asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Tulilowesha kwa maji ya sabuni, tukafuta kwa kitambaa, tumefunga barakoa.

Lainingi zilikuwa nene, karibu milimita 4. Hazikuwa zimelika. Lakini kilichong'aa ni utepe tu wa katikati, upana wa vidole viwili. Pembeni kote bado zilikuwa na rangi ya dukani. Zaidi ya miaka miwili tangu zifungwe, zilikuwa zinagusa dramu kwa kipande tu.

Kisha nikaitazama adjasta. Hiki ni kijiti cha chuma kinachokaa kati ya breki shuu mbili, chenye nyuzi za bolti na kigurudumu chenye meno madogo. Kigurudumu kikizunguka, kijiti kinarefuka na breki shuu zinasogea karibu na dramu. Niliweka ncha ya bisibisi kwenye jino moja nikasukuma: hakikucheza. Nyuzi zilikuwa zimekauka na kutu. Nilipoitoa na kuishika mkononi nikaona jambo la pili. Ilikuwa ya upande wa kulia. Adjasta za kushoto na kulia zinafanana sana, ila nyuzi zake zimekatwa kinyume. Ukizibadilishana, kila mara mfumo unapojaribu kuirefusha, unaifupisha.

Hilo lilitokea siku breki shuu mpya zilipofungwa. Fundi alifungua pande zote mbili kwa pamoja, akamwaga vyuma vyote kwenye sinia moja, na wakati wa kufunga akaokota kilichokuwa karibu.

Sasa nifike kwenye kiini cha kisa, na hapa msomaji avumilie. Kwenye gari hili adjasta haizungushwi na mguu. Inazungushwa na handbreki. Ukivuta handbreki, kebo inavuta mkono mdogo ulioko kwenye breki shuu ya nyuma, na mwendo wa mkono huo ndio unaokifanya kigurudumu cha adjasta kisogee jino moja pale nafasi inapokuwa kubwa. Maana yake, kila unapoegesha na kuvuta handbreki, unairekebisha pia breki ya mguu. Mama alipoacha kuvuta, kilichosimama hakikuwa handbreki pekee. Nafasi kati ya breki shuu na dramu ikabaki pale ilipo, na kadiri lainingi zinavyosuguliwa pedali ikaendelea kushuka.

Na ile nati? Nilimwambia kijana avute mkono kidogo tu, hadi kebo ifikie mkazo tulioikuta nao. Nikauona mkono mdogo ndani ya breki ukiinuka kutoka kwenye kikao chake na kubaki hewani. Yaani handbreki ikiwa chini, "imeachiwa", mkono huo ulikuwa tayari umetumia sehemu ya mwendo wake. Mwendo uliobaki haukutosha kuifanyia adjasta chochote. Kila fundi aliyekaza nati alikuwa anapunguza meno ya mkono ule anaoushika dereva, mteja anaridhika, na wakati huohuo anaua kitu pekee ambacho kingeweza kuzisogeza breki shuu. Ndiyo sababu ya ile mikwaruzo ya kushoto pia.

Upande wa kulia dramu liligoma, tukatumia bolti mbili kwenye matundu yaliyomo usoni mwa dramu kulisukuma nje. Adjasta ilikuwa ya kushoto, kama nilivyotarajia. Kebo, hata kwa plaizi, haikuvutika. Wili silinda, kifaa kinachosukuma breki shuu kwa mafuta ya breki, niliitazama kwa nje, ilikuwa kavu, nikaendelea. Mstari huo nitaurudia.

Maamuzi, na sababu zake

Kebo ya kulia ilibidi ibadilishwe. Kijana alipendekeza tuimwagie mafuta, tuivute mara nyingi hadi ilainike. Nilikataa: kutu iko ndani ya ganda lililopasuka, italainika leo na kuganda mvua zikianza. Nilipotoa ile kebo ya Mwalimu kwenye mfuko, karatasi yake ilisema ni ya kushoto. Ilikuwa miezi kadhaa haijafunguliwa, na kama angeifunga yule aliyeiagiza, ingevutwa kwa nguvu ikae mahali pasipo pake. Dukani walikubali kuibadilisha. Nilichagua mpya, si ya mtumba, kwa sababu kebo ya mtumba huwezi kuona ndani yake.

Kebo ya kushoto niliiacha. Iliteleza kwa kidole kimoja, raba zake za mwisho zilikuwa nzima, na pensheni ya Mwalimu si ya kuchezea. Wenzangu wengine wangebadilisha zote mbili, na hoja yao ni nzito: zina umri mmoja na zimepita njia moja. Nilimweleza hivyo mwenyewe, akachagua.

Breki shuu nilizibakiza, nikazipitisha msasa kuondoa ule utepe wa kung'aa. Madramu nilipima kipenyo cha ndani: 200.4 na 200.5. Yakiwa mapya ni milimita 200, na mwisho wake wa kulika ni 201. Yalikuwa na maisha bado. Ukingo tuliuondoa kwa lethi.

Adjasta zilirudi kila moja kwake. Ile iliyoganda tuliiloweka, tukaipiga brashi ya waya hadi kigurudumu kikazunguka kwa vidole, tukapaka grisi inayostahimili joto kwenye nyuzi tu, kidogo sana. Springi mbili zilizovutika tukabadilisha. Tulifunga upande mmoja hadi mwisho huku upande wa pili ukiwa haujaguswa, ili kijana awe na mfano wa kutazama. Ushauri huo ni wa zamani na bado naurudia kila wiki.

Mpangilio wa kurekebisha

Breki shuu kwanza, pedali pili, kebo mwisho. Mpangilio huu sijaubadilisha kwa miaka mingi.

Kebo ikiwa imelegea, nilizungusha adjasta hadi dramu likaingia kwa kukwaruza kidogo tu, kisha nikarudisha meno machache. Tukafunga madramu. Kijana akavuta na kuachia handbreki mara nyingi mfululizo, huku mimi nimeweka sikio karibu na dramu. Ndani kulisikika mlio mdogo, *tik*, kila alipovuta. Ilikuwa adjasta inatafuta nafasi yake. Upande wa kushoto ulinyamaza mapema, wa kulia ulichelewa. Zote zilipokuwa kimya, tukakanyaga pedali: ilikamata juu, kwa mkanyago mmoja. Nati ya kebo ilikuwa bado haijaguswa.

Ndipo nikaikaza. Nilisimama pale handbreki iliposhika kwenye jino la 6 na, ikiachiwa, matairi yote mawili yakazunguka huru. Nikazuia kwa nati ya pili, na nikapiga mstari wa rangi nyeupe juu ya nati na nyuzi zake, ili yeyote atakayeizungusha baadaye aonekane.

Kulijaribu tulikwenda kwenye mteremko wenyewe wa nyumbani kwake. Tulisimamisha gari pua ikiwa juu, kisha pua ikiwa chini, gia N (huru), mtu kashika mawe tayari. Pua ikiwa chini ndiyo mtihani mgumu zaidi, kwa sababu uzito unakimbilia mbele na matairi ya nyuma, ambayo ndiyo yanashikwa, yanakuwa mepesi. Lilitulia pande zote mbili.

Pia nilimwonyesha namna ya kuegesha. Kanyaga breki ya mguu, vuta handbreki, weka N, achia mguu taratibu gari likae juu ya handbreki, halafu kanyaga tena na uingize P. Ukianza na P na kuachia mguu, uzito unaangukia ule ulimi wa gia boksi, na handbreki unayoivuta baadaye inakuwa pambo. Siku ya tatu akanipigia kuniambia kishindo cha asubuhi hakipo.

Kosa langu

Siku ya 10 akarudi. Upande wa kulia handbreki ilishika hafifu, na kwenye breki za ghafla gari lilivuta kushoto. Nilifungua dramu la kulia nikakuta lainingi zimelowa mafuta ya breki.

Wili silinda ile niliyoitazama kwa nje na kuiona kavu ilikuwa inavuja. Pistoni zake zimefunikwa na raba za vumbi, na mafuta yanayovuja hujikusanya kwanza ndani ya raba hizo kabla ya kumwagika. Ilikuwa inatosha kuinua ukingo wa raba kwa kidole. Sikuinua. Nilikuwa nimefurahia kupata kebo na adjasta, nikaona mkosaji amepatikana.

Gharama ya kazi ya mara ya pili niliibeba mimi. Tulibadilisha wili silinda zote mbili za nyuma, tukatoa upepo kwenye breki, na breki shuu za nyuma tukafunga mpya pande zote, kwa sababu lainingi iliyokunywa mafuta haisafishiki ikaaminika, na huwezi kuweka mpya upande mmoja na za zamani upande mwingine. Dramu la kulia tuliliosha hadi likakauka. Kebo haikuguswa kabisa. Adjasta zilitafuta nafasi zake zenyewe kwa kuvuta handbreki, na nati ilibaki kwenye mstari wake mweupe.

Uchambuzi

Sina nia ya kuwalaumu mafundi watatu waliotangulia. Nati iko karibu, inafikika bila kuinua gari, na matokeo yake yanaonekana papo hapo mbele ya mteja. Hayo matokeo ndiyo yanayodanganya. Mkono unashika kwa meno pungufu kuliko mwanzo, lakini kule nyuma breki shuu hazijasogea. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika mafunzo ya gereji zetu, ningeiweka nati hiyo iwe kitu cha mwisho kuguswa, na isiguswe kabla tairi halijafunguliwa.

Fundi wa pili alikuwa karibu sana na jibu. Alifungua, aliona kila kitu. Kilichomponza ni kufungua pande mbili kwa pamoja na kutokizungusha kigurudumu cha adjasta kabla ya kufunga. Angekizungusha mara moja tu huku akitazama kijiti kinarefuka au kinafupika, angejua amekosea upande.

Kilichosaidia zaidi kwenye kazi yetu ni vitu viwili visivyo na gharama: swali la pedali, na kupima tairi moja moja jino kwa jino. Vilituonyesha kwamba tuna matatizo mawili tofauti yanayofanana kwa nje. Kulia, mvuto haukufika. Kushoto, mvuto ulifika ukakuta safari ni ndefu mno. Na kwa kuwa kulia kuligoma kusogea, karibu mwendo wote wa mkono ulikwenda kushoto, ndiyo maana gari halikuonekana kufa kabisa, likaendelea kumpa kila fundi matumaini. Kama kebo zote mbili zingeganda, pengine lingetengenezwa mapema.

Kilichoshindikana ni ukaguzi wangu baada ya kupata jibu la kwanza na la pili. Gari la umri huu linaweza kuwa na la tatu. Sasa kwenye gereji yangu raba za wili silinda zinainuliwa kila dramu linapotoka, hata kama mteja amekuja kwa jambo jingine, na kijana ndiye anayenikumbusha.

Kuhusu jiwe: ni kitu kizuri, na nilimwomba Mwalimu alibakize kwenye buti kwa siku ya pancha. Shida yake ni kwamba lilifanya kazi vizuri mno. Kwa miaka mitatu hakuna kilichotokea, na kwa kuwa hakuna kilichotokea, breki zote za nyuma zilichakaa taratibu chini ya macho ya watu wanaolipenda gari hilo na wanaoliosha kila Jumamosi.

Baada ya miezi sita nililikagua tena. Handbreki ilishika kwenye jino la 6, pedali ilikuwa juu, raba za wili silinda zilikuwa kavu kwa ndani, na mstari mweupe kwenye nati ulikuwa haujakatika.